Manyoya ya Mti wa Kumi na Moja

Kituo cha misitu, 4 Januari

Kwako Gundi wangu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, kikohozi kimekuachia, na unakula chakula cha maana, siyo biskuti juu ya meza ya kazi. Mimi sijambo. Goti la kushoto ndilo lenye maneno mengi, lakini limeshazoea kulalamika na mimi nimeshazoea kutolisikiliza.

Jana nilishuka korongoni nikarudi roho mkononi. Miaka thelathini na minne nimeotesha miche kwenye kitalu cha kituo hiki, na wewe mwenyewe nimekulea humo humo, ukilala kwenye toroli katikati ya viriba vya miche. Mmea haujawahi kunitisha. Jana nilitishika. Manyoya yetu, ule mmea laini wa kijani unaovika miti, yamekauka. Yamejikunja kwenye magome, yamekuwa ya kahawia kama majani ya chai yaliyokwisha kuchujwa. Nimeyashika, yakavunjika vidoleni.

Nani angedhani nitakosa usingizi kwa ajili ya kitu tulichokuwa tunakikalia wakati wa chakula cha mchana? Mpaka ulipokuja na wakubwa zako mwaka juzi mkatuambia kwamba kale kazulia ka kijani hakaoti mahali pengine popote, ni hapa korongoni tu. Miti arobaini ilikuwa nayo kabla wachunaji hawajaja na magunia kuyabandua na kwenda kuwauzia wauza maua wa mjini. Sasa ni miti kumi na mmoja, nimeihesabu mara mbili.

Mvua hatujaiona tangu Oktoba. Na Msimamizi wa barabara anapita kila asubuhi na kamba yake ya kupimia, anapiga mluzi. Anataka barabara ya magogo ipite korongoni. Masharti unayajua kuliko mimi: wakaguzi wanakuja tarehe 3 Februari. Wakikuta manyoya yako hai, korongo linafungwa na barabara inazunguka mlima. Wakikuta yamekufa, misumeno inaingia wiki hiyo hiyo.

Niambie nifanye nini, na uniambie upesi. Mpe jibu Honi, dereva wa magogo. Mtandao wa huku haujabadilika: ukipanda mlimani unapata alama moja, ukisema haloo inaondoka.

Ni mimi shangazi yako

*

Mjini, 9 Januari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Kikohozi kimeisha. Biskuti bado nakula, sitakudanganya. Goti hilo lipeleke kwa mganga wa zahanati, usiseme litapoa lenyewe, umelisemea hivyo mwaka wa tatu sasa.

Barua yako nimeisoma nimesimama mlangoni na mkoba begani. Sasa nisikilize vizuri. Manyoya hayajafa, yamelala. Mmea huu hauna mizizi, hauna mishipa ya kupandisha maji. Ukame ukija unajikunja, unazima kila kitu, unasubiri. Unaweza kusubiri miezi. Mvua ikirudi unaamka wenyewe.

Kwa hiyo usifanye lolote. Najua kwako neno hilo ni kama tusi. Lakini usiyaguse, usiyamwagilie, na zaidi ya yote usiyape chochote. Kwa kuwa hayana mizizi yanakunywa kwa mwili mzima, na kila kinachoyagusa kinaingia ndani moja kwa moja. Hata jivu la moto wa kupikia linatosha kuyadhuru.

Wakaguzi watakuja na mtaalamu. Yeye akiangalia kwa kioo cha kukuzia atajua kuwa yako hai. Jalada la mmea huu niko nalo mimi hapa mezani. Mbali na kugandisha majani makavu kwenye karatasi, siku hizi nimepewa na kazi ya kujaza majalada. Kwenye ukurasa wa Vitisho nimeandika: wachunaji, barabara, ukame. Hali ni mbaya, ila bado tuna nafasi.

Nampa Honi barua hii sasa hivi. Ameniapia kwamba kesho kutwa utakuwa nayo.

Mwanao

*

Kituo cha misitu, 17 Januari

Gundi, Gundi, Gundi!

U hali gani mwanangu? Mimi leo hata goti silisikii. Honi hajaonekana tangu mwanzo wa mwezi na jibu lako sijalipata, nikasema huyu mtoto kazi zimemzidi, nisikae nimeshika tama wakati ninazo pampu mbili za mgongoni stoo.

Tarehe 12 nilijaza pampu maji, nikashuka nayo, nikanyunyizia mti wa kwanza. Mwanangu, sijamaliza hata kufuta jasho, manyoya yakaanza kufunguka! Robo saa hivi, mti mzima ukawa kijani. Nilipiga kigelegele peke yangu kule chini mpaka ndege wakaruka. Nimeotesha maelfu ya miche lakini sijawahi kuona kitu kinarudi duniani mbele ya macho yangu.

Basi nikajua dawa ni hiyo. Lakini mgonjwa aliyetoka kuugua humpi maji matupu. Unampa na uji. Unajua mkono wangu: mche ukinyong'onyea nautia mbolea ya maji, ile ya kwenye chupa ya bluu, kifuniko kimoja kwa pampu, na wiki haipiti unasimama wima. Nikatia vifuniko viwili, maana hali yao ilikuwa mbaya. Siku nne nimepanda na kushuka. Miti kumi imeshakunywa. Umebaki mmoja, ule wa chini ya jabali, ambao njia yake ni ya kuteremka kwa makalio. Kesho na wenyewe utapata haki yake.

Wakaguzi watakuta bustani! Msimamizi amenikuta njiani na pampu, akacheka, "Mama, unamwagilia msitu?" Nikamwambia ndiyo, nikimaliza nitakumwagilia na wewe. Ajabu ni kwamba ndiye aliyejitolea kuleta barua hii mjini. Sikupenda, lakini gari lake ndilo linaloondoka leo.

Shangazi yako mwenye mkono wa kijani

*

Mjini, 21 Januari

Shangazi,

Shikamoo. ACHA.

Acha leo. Kama unasoma umesimama na pampu mgongoni, ivue sasa hivi.

Hukuipata barua yangu ya tarehe 9. Nilikuandikia usiyape chochote. Maji peke yake yangekuwa balaa dogo, lakini mbolea ni chumvi, shangazi, na wewe umeweka vifuniko viwili kwenye mmea usioweza hata kujikinga na mate ya mtu. Mche una mizizi, unachagua cha kupokea. Haya hayachagui. Yataungua.

Yale yalikuwa hai. Yalikuwa yamelala tu. Yamevumilia wachunaji na miezi mitatu ya jua, halafu mikono yako ndiyo iliyokwenda kuyaua. Kwa nini hukuweza kusubiri? Maisha yako yote hujaweza kukiacha kitu bila kukishikashika.

Usiuguse ule mti wa chini ya jabali. Nakuomba. Niandikie imekuwaje. Silali.

Mwanao

*

Kituo cha misitu, 25 Januari

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Honi amefika leo asubuhi. Giaboksi ilimfia darajani, akakaa huko siku kumi na mbili na barua yako ya kwanza mfukoni mwa shati, halafu akarudi mjini na gari la kuvuta akakuta umemwekea ya pili. Amenikabidhi zote mbili kwa mpigo. Nilianza na ya juu, ile fupi.

Kabla sijaisoma nilikuwa nimeshajua. Tarehe 22 nilijikokota kushuka, nikakuta kijani kimeanza kuwa cha manjano. Kesho yake kikawa cheusi, chenye utelezi, na jana ukipitisha kidole kinatoka chote na gome linabaki tupu. Miti kumi, Gundi. Nimekwenda kwenye kila mmoja. Nilikuwa nimejiambia labda ni ugonjwa, labda ni ubaridi wa asubuhi. Ubaridi gani mwezi huu! Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno.

Mti wa kumi na moja haujaguswa. Tarehe 18 nilipokuwa nauendea goti lilinitoka kwenye mteremko, nikaviringika na pampu yangu mpaka kwenye vichaka, na Msimamizi na watu wake ndio walioniokota. Nimelala siku nne. Nililitukana goti hilo matusi ambayo sitayaandika. Leo nimelipaka mafuta nikaliomba radhi. Nimekwenda taratibu na fimbo, nimeuangalia nikiwa mbali. Manyoya yake yapo, makavu, ya kahawia, yamelala kama ulivyosema.

Kuhusu mikono yangu, uliyoyaandika nimeyasoma. Ni kweli, na yameniuma. Siku moja utanifafanulia kama ulimaanisha na vile nilivyokulea.

Shangazi yako

*

Mjini, 28 Januari

Shangazi yangu,

Shikamoo, na unisamehe. Nimeandika barua hii mara nne. Sikumaanisha malezi. Mikono hiyo hiyo ndiyo iliyonivusha homa nikiwa na miaka sita, hukukubali kuniweka chini hata daktari aliposema uniweke. Niliandika kwa hasira na nilijua nakuumiza. Naona aibu.

Sasa kuna jambo zito zaidi, na tafadhali ukiisha kulisoma ichome barua.

Nimesoma kanuni za mimea iliyoorodheshwa. Yeyote anayeharibu mmea wa namna hiyo, kwa kusudi au kwa kutojua, haruhusiwi tena kuishi ndani ya mipaka ya msitu. Kwa kusudi au kwa kutojua, shangazi. Nyumba yako iko ndani ya mipaka. Waliyokupa ukistaafu ukae mpaka kufa watakunyang'anya kwa karatasi moja. Una miaka sitini na saba na huna pengine.

Kwa hiyo tuseme ni ukame. Miti kumi imekufa kwa ukame, mmoja umebaki. Nimeshaandika hivyo kwenye jalada, penye sababu ya vifo: ukame. Hakuna atakayeuliza, nchi nzima inalia jua. Chupa ya bluu itupe mbali. Pampu zioshe. Wakaguzi wakikuuliza, sema ulikuta hivyo.

Najua nakufundisha uongo, mimi uliyenichapa kwa kusema nimenawa kumbe sijanawa. Lakini manyoya hayatafufuka kwa kukufukuza wewe.

Mwanao anayekupenda

*

Kituo cha misitu, 4 Februari

Kwako mwanangu Gundi,

Nakusalimu sana. Mimi nimeamka salama, chai nimekunywa, na naandika polepole ili nisikosee mambo. Barua yako sikuichoma. Nimeikunja nikaiweka kwenye soksi.

Wakaguzi walifika jana saa nne. Watatu: Mwenyekiti, ambaye ni mama mmoja mnene mwenye buti mpya zinazolia; mtaalamu wa mimea, mwembamba, kioo chake kimefungwa kamba shingoni; na karani. Msimamizi naye alikuja na ramani yake. Mimi niliitwa kama mwenyeji wa kuonyesha njia. Usiku ule wote nilikuwa nimeyafanyia mazoezi maneno yako: nilikuta hivyo, nilikuta hivyo. Chupa nilikuwa sijaitupa bado, sijui kwa nini.

Tukafika mti wa kwanza, gome tupu. Wa pili vile vile. Mwenyekiti akaniuliza, "Mama, haya yalikufa lini?" Nikasema, mwezi uliopita. "Yalikufa na nini?" Nikasema, jua limekuwa kali sana.

Ndipo Msimamizi akanishika bega, kwa upole kabisa. Akasema, "Msimsumbue mama. Ni ukame huu, si kosa la mtu. Hata mimi imeniuma."

Gundi, mtu huyu aliniona na pampu mgongoni. Aliniokota nayo vichakani! Anajua kila kitu. Nikajiuliza kwa nini ananifichia siri mtu ambaye hajawahi kunisalimia vizuri. Sikupata jibu mpaka tulipofika mti wa sita, aliposema, "Waheshimiwa, tuseme ukweli. Kama kiangazi kimoja kimemaliza miti kumi, huo mmoja utamalizwa na kijacho. Mtafunga korongo zima kwa kitu kinachokufa chenyewe?"

Na Mwenyekiti akatikisa kichwa kukubali. Nilimwona. Karani akaanza kuandika.

Ukame wetu, mimi na wewe, ndio uliokuwa unamjengea barabara. Kama jua ndilo lililoua, basi hakuna cha kulinda. Lakini kama jua halikuua, kama yalikaa miezi mitatu yamelala salama mpaka mtu alipokuja na chupa, basi mmea huu ni mgumu kuliko sisi sote, na kinachohitajika ni watu kukaa mbali nao.

Nilisimama. Nikasema, "Mwenyekiti, naomba karani afute. Ni mimi."

Msimamizi akaingilia, "Mama amechoka na jua."

Nikamwambia, "Sijachoka. Na wewe uliniona. Waambie uliniona na nini."

Akaanza kukunja ramani yake. Nikawaambia yote: pampu, vifuniko viwili, siku nne. Nikawaeleza kwamba mti wa kumi na moja umepigwa na jua lile lile, haujapata hata tone, waende wakauangalie. Mtaalamu akateremka peke yake mpaka chini ya jabali. Tulimsubiri, buti za Mwenyekiti zinalia. Aliporudi akasema, "Uko hai. Wote, mpaka ncha." Nikalia mbele za watu, sikujali.

Jioni walipita nyumbani wakachukua chupa na pampu zote mbili. Uamuzi utatoka baada ya wiki mbili au tatu. Mwenyekiti alinipa mkono akiondoka, lakini hakunitazama usoni, kwa hiyo najua kinachokuja.

Sasa kazi yako. Fungua jalada, futa neno ukame pale ulipodanganya kwa ajili yangu. Halafu kwenye ule ukurasa wa Vitisho niandike mimi. Usiandike ajali, usiandike nia njema, usinipunguze. Watakaosoma miaka ijayo wajue kwamba kuna mtu aliyeupenda huu mmea na akauua, ili mwingine mwenye pampu asimame kidogo afikiri. Ukikataa nitakuja mwenyewe kuandika, na mwandiko wangu unaujua.

Shangazi yako

*

Mjini, 22 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Uamuzi umetoka leo na nimeomba ruhusa nikuandikie mimi kabla hawajakuletea wao.

Korongo limefungwa. Barabara itazunguka mlima. Hakuna mchunaji, hakuna msumeno, hakuna mtu yeyote atakayevuka kamba ya mpaka isipokuwa mtaalamu, mara moja kwa mwaka. Umelifunga wewe, shangazi. Imeandikwa kwenye uamuzi kwamba ushahidi wa mkazi wa kituo ndio uliowafanya wabadili mawazo.

Na mkazi huyo huyo ametakiwa kuhama ndani ya siku thelathini. Niliomba. Nilipanda mpaka kwa mkubwa wa idara nikaomba. Akasema kanuni ikipindishwa kwa mzee mmoja anayetia huruma, kesho itapindishwa kwa Msimamizi. Nikatoka.

Jalada nimelirekebisha. Nilikuwa nimeshaandika "mkazi wa eneo", mkubwa wangu akaja nyuma yangu akauliza kama namfahamu. Nikasema ni shangazi yangu, ndiye aliyenilea. Akaniuliza kama nataka mtu mwingine aijaze fomu hiyo. Nikamwambia hapana. Sasa ukurasa wa Vitisho unasomeka hivi: wachunaji, barabara, mtunza kitalu mstaafu aliyetumia mbolea. Ukame nimeufuta. Baada ya hapo nilikwenda chooni nikafungulia bomba ili wasinisikie.

Chumba kipo. Ni kidogo, dirisha linaangalia ukuta wa jirani, na kitanda kipya kimefika jana. Njoo. Usiniambie utafikiria.

Mwanao

*

Kituo cha misitu, 9 Machi

Kwako mwanangu,

Nimefurahi kusikia u mzima. Mimi pia mzima, mifupa tu imechoka kwa kufunga vitu. Hujui mtu mmoja anaweza kuwa na sufuria ngapi mpaka umwambie ahame.

Nitakuja Jumamosi na Honi. Ameapa giaboksi ni mpya, na mimi nimeapa kwamba ikimfia darajani nitashuka nilisukume gari yeye akiwa ndani. Nikifika usinifiche kwa majirani zako wala usiwasimulie kwamba nimekuja kupumzika. Wakiuliza, waambie nimefukuzwa, na sababu yake nitawaeleza mwenyewe. Na huo ukuta wa jirani usipakwe rangi mpaka niuone, huenda unafaa kitu cha kutambaa.

Kamba wameifunga tangu wiki iliyopita, nyekundu, kutoka kwenye mlango wa kitalu mpaka kwenye kona ya mlima. Vijana walioifunga ni wale niliowafundisha kujaza viriba. Waliona aibu kunitazama, nikawakorogea chai.

Mvua imeanza jana saa nane mchana. Nilichukua mwavuli nikaenda mpaka kwenye kamba. Miaka yote thelathini na minne mvua ya kwanza ilinikuta kule chini, na wewe mara nyingi ulikuwa mgongoni mwangu. Kutoka pale kwenye kamba mti wa kumi na moja hauonekani, jabali linauziba. Ni hatua mia mbili, goti limepona, na hapakuwa na mtu yeyote wa kuniona.

Nilisimama mpaka viatu vikajaa maji. Halafu nikarudi ndani kumalizia kufunga mizigo.

Shangazi yako